Kisanduku cha mawe 12 cha dola 32: jiwe namba 9 peke yake linarudisha pesa, kijitabu chake sasa…

Njo hivi wandugu, nimenunua kile kisanduku cha mawe ambacho wanafunzi wa jiolojia hapa Lubumbashi wanakiongelea sana. Ni sanduku la mbao lenye vyumba 12, kila chumba na jiwe lake na pamba chini, lupe moja (kioo cha kukuzia) ya mara 10, kasumaku kadogo na kijitabu cha kurasa 8. Duka sitalitaja jina, liko pembeni ya soko ya komini ya Kenya hapahapa mjini, ni watu wa malakiti (lile jiwe la kijani la shaba), shanga, tembo wa kuchonga, visahani vya majivu ya sigara vyenye ramani ya Kongo, na huko nyuma kwenye rafu ya chini kabisa njo wameweka hivi visanduku vya shule vimejaa vumbi. Walianza na dola 45, nikasema mimi ni mwalimu, muuzaji akacheka akanijibu "papa, siku hizi kila mutu ni mwalimu", tukavutana mpaka 32, nikatoa dola 30 na zile 2 nikamalizia na franga.

Ninafundisha jiografia kwenye shule moja ya Katuba, na kila mwaka nikifika kwenye miamba geu, yaani yale mawe yaliyopikwa na kukandamizwa huko chini mpaka yakabadilika sura, batoto wananiuliza swali moja tu: kama jiwe lilikuwa kilomita 50 chini, limefikaje mkononi mwako mwalimu? Miaka yote nilikuwa ninajibu "mmomonyoko" halafu ninafuta ubao haraka. Kwa hiyo nilinunua hiki kisanduku kwa ajili ya lile swali, na revyu hii nitakipima kwa lile swali.

Kwanza sanduku lenyewe. Mbao ni nzuri, bawaba moja ililegea siku ya pili, nikaikaza na kisu. Lupe ni ya plastiki lakini inaonyesha vizuri ukisogea karibu na dirisha. Etiketi zimepigwa kwa mashine na kufunikwa plastiki, hapo bravo kwao, maana nimeona visanduku vingine namba imeandikwa na biki na jasho la mkono wa kwanza linaifuta. Mawe yamepangwa kuanzia yale yaliyopikwa kidogo kwenda yale yaliyoteseka, shale, sleti, shisti yenye ganeti, gneisi, na kuendelea. Muuzaji aliniambia mengi yametoka kwenye koleksyo ya zamani ya mtu mmoja wa mgodi, wanachukua bonge kubwa wanalipasua na nyundo na kila kisanduku kinapata kipande. Mimi hiyo nimeipenda, maana uso uliopasuka juzi unaonyesha rangi ya ukweli, haujachoka na jua.

Malalamiko ya kwanza niyamalize hapahapa: namba 6 imeandikwa marumaru na si marumaru. Niliikwaruza na kisu, kisu njo kikaacha alama juu ya jiwe badala ya jiwe kukwaruzika, nikaipitisha juu ya kioo cha chupa, kioo kikachanika. Marumaru haina hiyo nguvu, ni laini, na ukiidondoshea asidi inatoa povu, hii ilikaa kimya kama haijaambiwa kitu. Ni kwatzaiti, yaani jiwe la mchanga lililopikwa likawa gumu, na kwatzaiti nyingine iko tayari kwenye namba 7, kwa hiyo nimelipia mawe 12 nikapata aina 11.

Sasa namba 9. Etiketi inasema EKLOJITI, NORWAY. Wandugu, hili jiwe mlishike tu. Ni kijani kilichoiva, kile kijani cha sombe iliyokaa motoni, na ndani yake kuna punje nyekundu za ganeti kama mtu amekatia pilipili humo. Hili zamani lilikuwa jiwe la kawaida la magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukapoa, basalti au gabro, jeusi, halina mambo. Likavutwa chini mpaka kilomita 45, 50 au zaidi, na presha ya huko ikazibana atomu zake zikajipanga upya kwa kubanana, madini ya zamani yakafa, yakazaliwa haya mawili, ganeti nyekundu na pairoksini ya kijani inayoitwa omfasiti. Hakuna njia nyingine ya kulipata ila lishuke.

Lakini kitu kilichonikalisha chini mpaka umeme ukakatika nikaendelea na tochi ya simu ni kingine. Ukiweka lupe juu ya zile ganeti utaona kila moja imezungushiwa mstari mwembamba mweusi, sawa na jicho lililopakwa wanja. Ule wanja haukutoka chini. Ule ni amfiboli na wenzake, madini ya presha ndogo, yameanza kula ganeti kuanzia ukingoni wakati jiwe linapanda na maji kidogo yanaingia. Ganeti ya katikati ni ushahidi wa kushuka, wanja ni ushahidi wa kupanda, na wanja ukiwa mwembamba maana yake ile kazi haikumalizika, jiwe lilipoa kabla halijapata muda wa kubadilika lote. Kama lingepanda polepole kwenye joto lingegeuka lote amfiboliti, nyeusi tupu, kama namba 8 ya kisanduku hikihiki. Weka namba 8 na namba 9 pamoja kwenye kiganja na tayari una somo la saa nzima, na hiyo wenye duka hata hawajaandika popote, sijui kama wenyewe wanajua wameuza nini.

Halafu njo nikafungua kijitabu, ukurasa wa 5, "Mawe ya chini hurudije juu". Yaani nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Wameandika mambo mawili. Moja, kwamba mlima ukilika na mvua, mawe ya chini yanatokeza. Mbili, kwamba "eklojiti ni nyepesi hivyo huelea na kupanda". Basi.

Tuanze na hili la pili maana lilinifanya nisilale. Asubuhi nikaenda kwa mama jirani anayeuza ndagala, nikamwomba mizani yake ya digitali, akanikazia macho, "mwalimu, unapima nini?", nikasema mawe, akasema "kama inanuka usirudishe". Nikapima namba 9, gramu 206. Nikaizamisha kwenye kikombe cha plastiki chenye mistari, maji yakapanda mililita 59. Gawanya, unapata karibu 3.5, yaani kila sentimita moja ya ujazo ina gramu tatu na nusu. Nikapima gneisi namba 5, gramu 189 kwa mililita 70, ni 2.7. Amfiboliti gramu 183 kwa mililita 60, kama 3.05. Na mantili, lile tabaka zito lililo chini ya ganda la dunia ambamo eklojiti inatumbukizwa, ni kama 3.3 kwenye sehemu yake ya juu. Sasa kitu cha 3.5 kinaeleaje ndani ya kitu cha 3.3? Kinazama! Na kweli njo kinavyofanya, sakafu ya bahari ikishavutwa chini na kugeuka eklojiti inakuwa nzito kuliko jirani zake na inaendelea kushuka, inavuta na bamba (kile kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachotembea) lililobaki nyuma yake, sehemu kubwa haitarudi tena. Kijitabu kimeandika kinyume kabisa na jiwe walilolitia ndani ya sanduku lilelile.

Niliwapa darasa hesabu hiyo, binti mmoja wa mbele akauliza bila kunyoosha mkono: "Sasa mwalimu, kama ni nzito, nani aliibeba?"

Hilo njo swali. Na jibu liko kwenye chumba namba 5, ile gneisi ya 2.7 ambayo hakuna mtu anayeiangalia kwa sababu inafanana na jiwe la msingi wa nyumba. Kule Norway, pwani ya magharibi, eklojiti haikai peke yake kama mlima mzima, imekaa kama mabonge na vipande ndani ya gneisi nyingi, ndizi ndani ya mkate. Bahari ikiisha kati ya mabara mawili, bamba zito la bahari linaendelea kuvuta na ukingo wa bara unaingia nao chini, gneisi nyepesi inalazimishwa kwenda mahali si pake. Inashuka kilomita 60, 100, mpaka mvuto unashindwa, ama kipande cha bara kinabanduka kutoka kwenye bamba, ama bamba lenyewe linakatika na sehemu nzito inaanguka peke yake. Hapo gneisi inafyatuka kurudi juu, na vipande vya eklojiti vilivyokuwa ndani yake vinapanda kama abiria.

Tulijaribu kwenye uwanja wa shule. Bido tupu la mafuta la lita 5, kifuniko kimekazwa, namba 9 imefungwa pembeni na mpira wa baiskeli, pipa la maji ya mvua. Vijana wawili wanasukuma bido chini kwa mikono yote, mmoja anahesabu, wanaachia. Bido liliruka na jiwe lake maji yakamfikia prefe, mkuu wa shule, aliyekuwa anapita na shati jeupe. Samahani tuliomba. Lakini baada ya hapo hakuna mtoto aliyeniuliza tena nani alibeba eklojiti, na ndani ya wiki moja jiwe namba 9 likabatizwa jina, Abiria.

Rudi kwenye hili la kwanza, mmomonyoko. Sisemi ni uongo, ninasema hautoshi, na hapa kijitabu kingetia ukurasa mmoja tu wa hesabu kingekuwa kitabu. Mlima ukiliwa milimita moja kwa mwaka, na hiyo tayari ni kasi kwa milima mingi, ni kilomita moja kwa miaka milioni moja. Jiwe la kilomita 100 litangoja miaka milioni 100. Wakati huo wote liko kwenye joto, wanja utakula ganeti yote. Na bado utaniambia ule mchanga wa kilomita 100 ulimwagwa wapi.

Mawe ya kilomita 100 yapo kweli, si mfano wangu wa ubaoni. Mwaka 1984 Mfaransa Christian Chopin aliandika kwamba ndani ya ganeti za Dora Maira, Alps upande wa Italia, kuna koesiti. Koesiti ni kwatzi ileile, silika ileile ya mchanga wa mto Kafubu, lakini imebanwa na presha inayopatikana kwenye kina cha kilomita 90 hivi kwenda chini. Kabla ya hapo watu waliijua kutoka maabara, Loring Coes aliitengeneza 1953, halafu ikaonekana kwenye mashimo ya vimondo, hakuna aliyetegemea kuikuta kwenye mwamba ambao ulianza maisha juu kama sehemu ya bara. Mwaka huohuo 1984 ikaonekana na Norway. Kazakhstan, kwenye Kokchetav, walikuta mpaka almasi ndogondogo ndani ya ganeti.

Na koesiti inaishi kwa sababu ya ganeti. Ganeti ni ngumu, inaishikilia kama sufuria yenye kifuniko kilichofungwa, jiwe zima linapanda presha inapungua nje lakini ndani ya ganeti bado presha ipo. Ikizidiwa, koesiti inageuka kwatzi, na kwatzi inahitaji nafasi zaidi, kama asilimia 10, basi ganeti inapasuka nyufa zinazotoka katikati kwenda pande zote kama miale ya jua. Wenye mikroskopu wanatafuta hizo nyufa kwanza. Kwenye Abiria wetu sijaziona, nimetafuta mpaka jicho likatoa machozi, na kwa lupe ya plastiki sidai kitu.

Sasa kasi. Dora Maira ilikuwa kwenye kina chake cha mwisho kama miaka milioni 35 iliyopita, na Daniela Rubatto na Jörg Hermann walipopima umri wa madini yaliyozaliwa kwenye vituo mbalimbali vya njia ya kupanda, 2001, walipata mwanzoni sentimita 3.4 kwa mwaka, baadaye 1.6, karibu na juu nusu sentimita. Sentimita tatu kwa mwaka njo kasi ambayo mabamba yenyewe yanatembea, na kucha zako zinakua karibu hivyohivyo! Yaani kupanda kulienda mbio sawa na kushuka, na mvua peke yake haina hiyo nguvu. Angalieni na jinsi kasi inavyopungua, mwanzo bido linafyatuka ndani ya mantili, likifika chini ya ganda la dunia linakutana na mawe mepesi kama lenyewe, faida imekwisha, linakaa. Kutoka hapo linahitaji msaada mwingine.

Msaada wa kwanza uko kwenye namba 12, milonaiti, ambayo kijitabu kimeipa mstari mmoja, "jiwe lenye mistari". Jamani. Ni jiwe lililovutwa ndani ya ufa mpaka punje zake zikalala kama nyuzi za kitenge, chache zilizokataa kuvutika zimebaki kama macho. Mlima ukishanenepa sana unaanza kutanuka kwa uzito wake, tabaka za juu zinateleza kando kwenye nyufa zilizolala, unavyovuta blanketi na aliyelala anaonekana. Hakuna kilichoondolewa na maji hapo, kifuniko kimesogezwa tu. Everest iko hivyo: kileleni, mita 8,849, kuna chokaa ya bahari yenye vipande vya viumbe vya zamani, haijapikwa sana, na ukishuka unavuka nyufa za namna hiyo mpaka unakuta gneisi iliyoiva vibaya. Jiwe lisilopikwa limekaa moja kwa moja juu ya lililopikwa, katikati kuna kilomita nyingi zimepotea. Kwa Himalaya wengine wanasema pia ganda la kati lilikuwa laini na moto likakamuliwa kwenda nje kama dawa ya meno, wengine wanakataa, waache wapigane.

Msaada wa pili sasa ndiyo mmomonyoko, na hapo ninaupa heshima yake. Nanga Parbat, Pakistan, mto Indus unakata pembeni ya mlima kwa nguvu mpaka mawe yaliyopikwa miaka milioni chache tu iliyopita yako nje, milimita kadhaa kwa mwaka, mto unakwangua na mwamba moto wa chini unapanda kuja kuziba pengo.

Namba 11, serpentini, nitapita haraka. Nzuri kwa mkono, inateleza, na ni nyepesi, kwenye nyufa za chini inafanya kazi ya grisi. Imekaa sawa.

Namba 10 ndiyo inayotuhusu sisi watu wa huku. Shisti nyeupe, inang'aa kidogo, ukiigusa unadhani ni sabuni, hiyo ni talki, lakini ndani kuna vijiti vya kyanaiti vigumu vinavyokwama kwenye kidole. Etiketi inasema upande wa Solwezi, Zambia. Wale wanaopita mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta bidhaa, mnapita kwenye mlima uliokufa, mkanda uliopinda wa milima ya zamani unaoitwa arki ya Lufili, bara la kale la Kongo na la Kalahari yaligongana hapo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mawe yetu ya Lubumbashi na Likasi, yale yenye shaba, yalikuwa pembeni ya jiko, yamechemshwa kidogo tu. Wenzao wa Solwezi walipelekwa kilomita 40 na zaidi, kama miaka milioni 530 imepita, na wakarudi. Leo unatembea juu yake na viatu vya kawaida, hakuna mlima, kuna miti na barabara na makamyo. Na kijitabu cha duka la Lubumbashi kinaanza na Alps, kinamaliza na Alps, Solwezi haimo hata sentensi moja! Hilo limeniudhi kuliko marumaru ya uongo.

Maksi zangu: mawe nyota 4 juu ya 5, sanduku 4, lupe 3, kijitabu 1 na hiyo ni kwa sababu karatasi ni nzuri. Bei, dola 32 kwa mwalimu inauma, lakini nilijaribu kuulizia eklojiti peke yake kwa watu wanaoleta mawe, wakaniangalia kama nimeomba nyama ya mwezi.

Nilirudi dukani jumamosi na namba 6. Muuzaji hakubisha, aliikwaruza mwenyewe na ufunguo, akaguna, akaniletea kipande cha marumaru ya kweli kutoka chini ya meza, kikubwa kuliko cha kwanza. Nikamwonyesha ukurasa wa 5 nilivyousahihisha na biki nyekundu, na hesabu za mizani pembeni. Akasoma taratibu. Akasema "papa mwalimu, niachie hii, nipeleke ku fotokopi", nikamwachia, kwa hiyo mkinunua kuanzia sasa na mkakuta mwandiko mbaya mwekundu pembeni ya ukurasa wa 5, huo ni wangu. Namba 6 muikwaruze kabla ya kulipa.